Kabla ya kukubali kuformati: kuisoma kompyuta ya Windows kwa dalili zake

Katika sekretaria nyingi, yaani vibanda vya kuchapia na kutolea kopi, za hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuanzia Nyawera hadi pembezoni mwa soko la Kadutu, magonjwa yote ya kompyuta yana dawa moja, nayo ni kuformati, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Mashini ikiwa nzito huformatiwa, ikijizima huformatiwa, ikikataa kufungua kurasa za intaneti huformatiwa vilevile. Mwenye nayo hulipa, hurudi nyumbani, na baada ya wiki mbili dalili ileile hujirudia kwa sababu chanzo chake hakikuguswa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea mashini ambayo mahali pengine ilikuwa imekwisha kuhukumiwa, akaniambia: "Papa fundi, wamesema ni virusi, lakini memwari yangu yote, kazi yangu ya kumalizia masomo, imo humo ndani na sina kopi." Tulipoichunguza tukakuta kwamba kilichoisumbua ni betri ndogo ya saa, ya ukubwa wa sarafu, na kazi yake ya mwaka mzima ilikuwa ifutwe kwa ajili ya betri hiyo.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu Windows yenyewe huandika kila siku yanayoipata, na ina zana za kuyasoma ambazo wengi wetu tumekaa nazo miaka mingi bila kuzifungua. Zana hizo ni za bure, hazihitaji mega hata moja ya intaneti ili kuzipata, na zipo katika Windows 10 na Windows 11.

Kuna ugumu mmoja wa kuondoa kwanza. Mashini nyingi tunazozitumia zimekwisha kutumika Ulaya au zimepitia Dubai, kwa hiyo menyu zake zinaweza kuwa za Kifaransa, za Kiingereza au hata za Kiholanzi, na mwongozo unaomwambia mtu abonyeze neno fulani haumsaidii ikiwa neno hilo halionekani kwenye kioo chake. Ndiyo maana nitataja zaidi amri kuliko majina ya menyu, maana amri hazibadiliki lugha inapobadilika. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na herufi R, na kisanduku kidogo kitafunguka upande wa chini kushoto. Humo ndimo utakapoandika amri, kisha utabonyeza Enter. Pale nitakaposema kwamba amri inahitaji ruhusa ya msimamizi, andika kwanza cmd katika kisanduku hicho, kisha badala ya Enter peke yake bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Windows itauliza kama unakubali, nawe utakubali, na dirisha jeusi litafunguka likiwa na mamlaka kamili.

Mashini inajizima au kujiwasha upya yenyewe

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko mengine yote, na ndilo linalofasiriwa vibaya zaidi, kwa sababu watu huweka pamoja mambo matatu ambayo hayana undugu: umeme kukatika, joto, na hitilafu ya programu. Andika perfmon /rel katika kisanduku. Utaona chati ya siku kwa siku yenye mstari unaopanda na kushuka kati ya 1 na 10, ambao ni kipimo cha uthabiti wa mashini, na chini yake alama nyekundu kwa kila siku iliyokuwa na tatizo kubwa. Ukibofya siku yenye alama nyekundu, orodha ya yaliyotokea siku hiyo hujitokeza chini. Usiangalie siku ya tatizo peke yake. Iangalie pia siku iliyoitangulia, kwa sababu mara nyingi utakuta kwamba mstari ulianza kushuka siku ileile draiva, yaani programu ndogo inayoongoza kifaa, ilipobadilishwa, au siku programu fulani iliyotoka kwenye flashi ya rafiki ilipoingizwa. Chati hiyo humpa fundi kile ambacho mgonjwa mwenyewe husahau kukisema, yaani tarehe ugonjwa ulipoanza.

Baada ya kuijua tarehe, nenda ndani zaidi kwa amri ya eventvwr.msc, ambayo hufungua daftari la matukio. Upande wa kushoto fungua folda yenye neno Windows, kisha uchague daftari la mfumo, na utafute tukio lenye namba 41 kutoka chanzo kinachoitwa Kernel-Power. Tukio hilo huandikwa mashini inapowaka baada ya kuzimika bila kufungwa sawasawa. Watu wengi wakiliona wanadhani wamepata jibu, kumbe ndipo uchunguzi unapoanza. Lifungue, nenda kwenye sehemu ya maelezo ya kina, na utafute mistari miwili: BugcheckCode na PowerButtonTimestamp.

Ikiwa BugcheckCode ni tofauti na 0, Windows ilianguka yenyewe na kuonyesha kioo cha buluu, hata kama hukukiona kwa sababu ulikuwa nje unaongea na jirani. Namba hiyo huandikwa kwa hesabu ya kawaida ya kumi, ilhali katika maelezo mengi misimbo hii huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Kwa mfano 159 ni sawa na 0x9F, ambayo maana yake ni kwamba draiva fulani ilishindwa kubadilisha hali ya umeme ya kifaa chake, jambo linalotokea mara nyingi mashini inapolala au kuamka. Ikiwa PowerButtonTimestamp ndiyo isiyokuwa 0, basi mtu aliikandamiza swichi kwa muda mrefu hadi mashini ikazimika, na hapo ni vema kuwauliza watoto wa nyumbani kwa upole. Na ikiwa zote mbili ni 0, basi umeme ulitoweka ghafla au mashini iliganda kabisa bila kupata nafasi ya kuandika neno lolote.

Kwa hapa kwetu, sifuri mbili mara nyingi humaanisha umeme, na umeme una njia zaidi ya moja ya kuiangusha mashini. Kompyuta ya mezani huzimika papo hapo kuran, yaani umeme, ikikatika, na pia inaweza kuzimika jioni wakati taa za mtaa mzima zinapofifia, kwa sababu kisambazaji umeme kilichochoka ndani yake hakivumilii volti zikishuka sana. Ukiona kwamba matukio ya namba 41 yanajazana kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku, wakati kila nyumba inapopika na kupiga pasi, huna haja ya kuformati chochote. Unahitaji stabilizatere nzuri, yaani kifaa cha kutuliza volti, au ondulere, yaani kisanduku chenye betri kinachoshikilia mashini umeme ukikatika.

Nikifika kwenye ondulere, naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa pana uwezo wa Windows ambao karibu hakuna anayeutumia. Ondulere nyingi zina tundu la waya wa USB kwa nyuma, na waya huo hutupwa pamoja na katoni siku ya kwanza. Ukiuchomeka kwenye kompyuta ya mezani, Windows huitambua ondulere kama betri: alama ya betri hutokea karibu na saa, na katika powercfg.cpl unaweza kuiagiza mashini ihifadhi kila kitu kwenye diski na kujizima yenyewe betri ya ondulere inapofikia kiwango cha chini. Bila waya huo, ondulere hukupa dakika chache tu za kukimbilia kiti, na kama umekwenda msibani au sokoni, dakika hizo haziokoi kitu.

Kwa kompyuta ya mapajani, sifuri mbili zinaelekeza kwenye betri yake yenyewe, kwa kuwa mashini yenye betri nzima haipaswi kuzimika ati kwa sababu waya umetoka. Fungua cmd, andika powercfg /batteryreport, na amri itatengeneza ripoti na kukuonyesha mahali ilipoiweka. Ifungue kwa kivinjari. Humo tafuta uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa inapojaa. Betri iliyotengenezwa kubeba 48,000 mWh na ambayo sasa inajaa kwa 14,000 imebaki na chini ya theluthi ya nguvu zake, na asilimia inayoonyeshwa karibu na saa haitakuambia hilo, kwa sababu asilimia mia moja ya kidogo bado huandikwa 100. Ninawasihi wanaonunua mashini zilizokwisha kutumika waiendeshe amri hii mbele ya muuzaji kabla ya kutoa makuta, kwa kuwa ripoti hiyo haiwezi kupakwa rangi kama gamba la nje linavyopakwa.

Joto ni chanzo cha tatu. Kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, vumbi la barabara zetu huingia katika feni na kujikusanya kama sufu, na mashini hujilinda kwanza kwa kupunguza mwendo kabla ya kujizima. Katika daftari lilelile la mfumo, tukio namba 37 kutoka Kernel-Processor-Power husema kwamba kasi ya prosesa, yaani ubongo wa mashini, imewekewa mipaka na mashini yenyewe. Likijirudia mara kwa mara, kusafisha feni na kubadilisha dawa ya kupitishia joto kuna faida kuliko programu yoyote ya kuongeza kasi. Na ikiwa ajali za kioo cha buluu zina misimbo inayobadilikabadilika kila siku, shuku RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashini, hasa kama iliongezwa kutoka mashini nyingine. Amri ya mdsched huipima baada ya kuwasha upya, lakini kipimo hicho huchukua muda, hivyo kifanye saa ambazo unauamini umeme.

Naizima kila usiku, lakini asubuhi ni nzito kama jana

Fungua Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye sehemu ya utendaji, uchague prosesa, na usome muda ambao mashini imekuwa macho. Wengi hushangaa kuona siku kumi na mbili wakati wanajua waliizima jana. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida hakuzimi kila kitu: kiini cha mfumo na draiva zake huhifadhiwa kwenye diski ili kesho mashini iwake haraka, kwa hiyo uchovu wa jana huhifadhiwa pamoja nazo. Kuwasha upya ndiko kunakoanza moja kwa moja kutoka mwanzo, ndiyo maana fundi akikuambia "washa upya" na wewe ukazima kisha ukawasha, hamjafanya jambo moja.

Ukitaka kuzima kikamilifu mara moja, shikilia Shift wakati unapobofya kuzima, au andika shutdown /s /t 0 katika kisanduku, ukiwa umekwisha kuhifadhi kazi zako. Ukitaka kuondoa tabia hiyo kabisa, fungua powercfg.cpl, chagua upande wa kushoto kiungo kinachohusu vitufe vya kuzimia, bofya kiungo chenye alama ya ngao, na uondoe tiki ya kwanza katika zile za chini.

Kuna ushauri unaozunguka sana wa kuandika powercfg /h off, ambao huondoa kuwaka haraka na pia hufuta faili la hiberfil.sys linalokula gigabaiti kadhaa. Kwa mji wenye umeme wa uhakika sina neno. Kwa Bukavu siukubali, kwa sababu amri hiyo huondoa pia uwezo wa mashini kuhifadhi kila kilichofunguliwa betri inapokaribia kuisha, na uwezo huo ndio uliookoa kurasa nyingi ambazo mwandishi wake alikuwa amesahau kuzihifadhi. Ondoa kuwaka haraka, uache huo mwingine.

Ikiwa muda wa kuwa macho ni mfupi na mashini bado ni nzito, andika resmon na utazame sehemu ya diski: programu iliyo juu kabisa ya orodha ndiyo inayoishughulisha. Kwa zinazojiwasha zenyewe asubuhi, ms-settings:startupapps hufungua orodha yake moja kwa moja, na kuzima nusu yake hakuvunji kitu.

Mega zinaisha bila mimi kufungua kitu

Mtu hununua forfe, yaani kifurushi cha intaneti, huunganisha kompyuta na simu yake, husoma barua pepe mbili, na forfe imekwisha. Lawama huenda kwa kampuni ya simu, au kwa jirani anayeshukiwa kujua neno la siri. Kabla ya kugombana na yeyote, andika ms-settings:datausage, na Windows itakuonyesha kila programu imekula kiasi gani katika siku 30 zilizopita. Mara nyingi wa kwanza katika orodha ni mfumo wenyewe unaopakua masasisho, au programu ya kuhifadhi picha mbali inayopandisha kila picha ya arusi uliyoihamisha kutoka simuni.

Dawa yake ni kuiambia Windows kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo. Andika ms-settings:network-wifi, fungua sifa za mtandao wa simu yako, na uwashe swichi ya muunganisho wa kipimo. Kuanzia hapo masasisho mengi hayatapakuliwa yenyewe, na programu kadhaa zitasubiri. Kumbuka kwamba mpangilio huu hushikamana na jina la mtandao: ukibadilisha simu, au ukibadilisha jina la mtandao wa simu ileile, Windows itauona kama mgeni na kuanza tena kupakua kwa uhuru. Masasisho si adui, na mashini isiyosasishwa huugua kwa njia nyingine, hivyo tafuta siku moja katika mwezi ya kuiunganisha mahali penye intaneti isiyohesabiwa.

Kuna mlango mwingine ambao hautazamwi, nao hufunguliwa kwa ms-settings:delivery-optimization. Kupitia hapo kompyuta yako inaweza kuzigawia kompyuta nyingine vipande vya masasisho iliyokwisha kuyapakua. Nyumbani kwenye forfe ya simu, zima. Lakini katika sekretaria au ofisi yenye mashini kumi kwenye mtandao mmoja, iache iwake kwa kompyuta za mtandao wa ndani peke yake, kwa sababu hapo sasisho linaweza kuchukuliwa kutoka mashini jirani badala ya kulipiwa mara kumi.

Kila ukurasa unasema si salama

Hii ndiyo iliyokuwa dalili ya yule mwanafunzi. Kivinjari hukataa kurasa karibu zote na kuonyesha onyo lenye maneno NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Chanzo ni tarehe. Kila ukurasa salama huja na cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka 2015 huona vyeti vyote ni vya wakati usiofika. Sahihisha tarehe kwa timedate.cpl, na kurasa zitafunguka.

Ikiwa kesho yake tarehe imerudi nyuma tena, betri ya saa imekufa. Katika kompyuta za mezani ni CR2032 ya volti 3, hutoka kwa kusukuma kishikio kidogo pembeni. Katika za mapajani mara nyingi imefungwa kwenye nailoni na kuunganishwa kwa nyaya mbili, na ni vema aifungue mtu aliyezoea.

Kosa la saa moja kamili ni jambo jingine, na linatuhusu sana sisi wa mashariki. Nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa hufuata UTC+1, na Bukavu, Goma na Lubumbashi hufuata UTC+2. Mashini iliyopangwa kwa saa ya Kinshasa itakuchelewesha saa nzima katika kila mkutano wa mtandaoni, na mtu akiisahihisha kwa mkono, intaneti huirudisha ilipokuwa. Usibadilishe saa, badilisha ukanda: Bukavu haimo katika orodha, kwa hiyo chagua mstari wa UTC+02:00 wenye majina ya Harare na Pretoria, kisha katika ms-settings:dateandtime bofya kitufe cha kulinganisha saa na intaneti.

Nabonyeza A, inatoka Q

Kibodi haijaharibika. Windows ina mpangilio zaidi ya mmoja, na Alt pamoja na Shift, zikiguswa kwa bahati mbaya, huhamisha kutoka mmoja hadi mwingine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi hadi urudi kwenye unaolingana na kibodi yako, kisha katika ms-settings:regionlanguage uondoe usiouhitaji ili ajali hiyo isijirudie.

Pana hila moja hapa inayowachosha hata makarani wazoefu. Kibodi za AZERTY, yaani zenye mpangilio wa herufi wa Kifaransa, zinazofika kwetu ni za aina mbili, ya Ufaransa na ya Ubelgiji, na herufi zake ziko mahali pamoja, ila alama zimehama. Katika ile ya Ufaransa alama ya @ hutoka kwa AltGr na kitufe cha à, chenye 0. Katika ile ya Ubelgiji hutoka kwa AltGr na kitufe cha é, chenye 2. Ukiona herufi zote zinaandika sawasawa lakini barua pepe haikubali anwani yako, au neno lako la siri lenye alama linakataliwa, linganisha mpangilio na yale yaliyochapwa juu ya vitufe.

Na ikiwa kibodi haiandiki mpaka ukandamize kila herufi kwa muda, mtu alishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 na kuwasha msaada wa wenye mikono inayotetemeka. Uzime katika ms-settings:easeofaccess-keyboard.

Folda za flashi zimegeuka njia za mkato

Flashi imetoka kuchapisha kwenye sekretaria, na nyumbani kila folda ina mshale mdogo pembeni. Mafaili hayajafutwa. Programu mbaya imeyaficha na kuweka mahali pake njia za mkato, ambazo ukizibofya huiendesha yenyewe kwanza na kukufungulia folda baadaye, ili usishuku kitu. Kwa hiyo usibofye hata moja. Fungua cmd, andika herufi ya flashi na nukta mbili, kwa mfano E:, bonyeza Enter, kisha andika attrib -s -h -r /s /d *.* na usubiri. Windows ikisema kwamba imekataliwa folda moja ya mfumo, si tatizo. Folda zako za kweli zitatokea tena, nawe utafuta njia za mkato pamoja na faili lolote usilolijua.

Kusafisha flashi peke yake hakutoshi ikiwa mashini nayo imeambukizwa. Andika powershell katika kisanduku, uifungue kwa Ctrl, Shift na Enter, kisha andika Start-MpWDOScan. Mashini itajiwasha upya na kukaguliwa kabla Windows haijaamka, wakati ambapo mgeni huyo hana pa kujificha. Hifadhi kazi zako kwanza, maana haisubiri.

Mengine yanayotibika kwa dakika moja

Kioo kikiwa cheusi huku taa za mashini zinawaka, bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Hiyo huanzisha upya draiva ya kioo bila kufunga chochote. Ikiwa mashini ilikuwa imeunganishwa na projekta kanisani au chuoni, jaribu kitufe cha Windows na P, kisha mshale na Enter, kwa sababu huenda bado inaonyesha upande usiokuwepo. Dirisha lililopotelea nje ya kioo hurudi kwa kitufe cha Windows, Shift na mshale.

Printa isiyochapa huku kazi zimepangana foleni: kwa ruhusa ya msimamizi andika net stop spooler, futa yaliyomo katika C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha net start spooler. Na wale wanaokopi kitu juu ya kingine na kukipoteza cha kwanza, wabonyeze kitufe cha Windows na V, wakubali kuwasha historia, na kuanzia hapo Windows itawawekea hadi vitu 25 vya mwisho walivyokopi.

Na kama bado fundi anasema kuformati

Mwombe kwanza amri mbili, zote kwa ruhusa ya msimamizi. Ya kwanza ni DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo hurekebisha akiba ya mafaili ya Windows na kwa kawaida huhitaji intaneti. Ya pili ni sfc /scannow, ambayo hutumia akiba hiyo kubadilisha mafaili ya mfumo yaliyoharibika. Ziendeshwe kwa mpangilio huo, kwa kuwa ya pili ikitangulia inaweza kuchukua dawa kutoka kwenye kopo lenye kutu. Amri ya rstrui nayo huirudisha mashini ilivyokuwa siku fulani iliyopita, ikiwa ulinzi wa mfumo unaohifadhi hali hizo za nyuma ulikuwa umewashwa, na haigusi memwari wala picha zako.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, iulize diski. Katika powershell andika Get-PhysicalDisk na usome safu ya HealthStatus. Kisha rudi kwenye daftari la mfumo utafute tukio namba 7 kutoka chanzo cha disk, linalosema kwamba kuna sehemu mbovu. Ukilikuta, usiformati na usiendeshe chkdsk kwanza, kwa sababu zote mbili huilazimisha diski inayokufa kufanya kazi nzito. Toa nyaraka zako siku hiyohiyo kwenye diski ya nje, ukianza na zile ambazo hazina kopi popote, halafu ndipo Windows iwekwe kwenye diski nyingine. Baada ya wiki moja fungua tena perfmon /rel uone kama mstari unapanda.